Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Tangu walipotoka Embu kwenda likizo, Njoka alikuwa akiendesha gari bila kuona nyuma. Kile kioo cha ndani ambacho dereva hutazama ili ajue nani anamfuata, alikuwa amekipinda mpaka kikaelekea paa. Hakikuwa kibovu. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kiti cha nyuma, na Njoka hakutaka macho yao yakutane kiooni hata kwa bahati mbaya. Alitegemea vioo vya pembeni, kazi iliyobaki akawaachia malaika.

Nkirote, ndiye huyo mama mkwe, aliligundua jambo hilo hata kabla hawajafika Mwea. Alikuwa mwanamke wa kutaka kujua. Majirani zake wa Muthara, kule Meru, walimtania kwamba hanunui nyanya mpaka aambiwe zilimwagiliwa maji ya mto gani. Lakini kuna maswali ambayo mama hamuulizi mkwewe. Basi alikitazama kisogo cha Njoka njia nzima, Narok mpaka Kisii, Kisii mpaka ziwani, akakijua kisogo kuliko alivyoijua sura.

Sasa likizo ilikuwa imekwisha. Gari lao dogo jeupe lilikuwa kwenye foleni gatini, kisiwani Mfangano, likingoja feri ya kuwarudisha Mbita, na kutoka Mbita waianze ile safari ndefu ya kurudi nyumbani. Nkirote alikuwa amebandika pua dirishani. Aliiona feri ikiteremsha ubao wake mpana wa chuma hadi nchi kavu, magari yakaanza kuingia kinyumenyume.

"Kwa nini wanaingia na mgongo?" aliuliza kwa Kimeru.

"Ili wakifika watoke na uso," alijibu binti yake, Kinya, aliyeketi mbele karibu na mumewe.

Nkirote akaliwaza jambo hilo, akaliona lina akili. Alikuwa bado analiwaza wakati mwanamume mmoja mwenye koti la rangi ya machungwa alipokuja na kugonga boneti kwa kiganja.

"Abiria wote chini. Dereva peke yake ndio anaingia na gari."

"Mama yangu ana mguu mbaya," Kinya alisema. "Hawezi kupanda hizo ngazi."

Mwanamume akachungulia ndani, akamwona Nkirote na mkongojo wake. "Sawa, mama akae. Wewe dada shuka, panda juu na wengine."

Hapo wote watatu walielewa kwa pamoja kilichokuwa kinakuja. Kinya alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akafungua kinywa.

"Na kama mimi ningekaa na mama, yeye—"

"Dada, gari itaendeshwa na nani? Feri inaondoka."

Kinya akashuka.

Njoka akarudisha gari nyuma, kichwa chake kikiwa nje ya dirisha, shingo imempinda kama jogoo anayekunywa maji. Watu waliokuwa juu kwenye mabenchi waliinama kwenye vyuma kutazama. Gari lilikwenda kushoto, likarekebishwa, likaenda kulia, likakosa kidogo tu kugonga pikapu ya samaki.

"Mzee, tumia kioo," yule wa koti alimwambia. "Hiyo kioo umeweka ya nini? Ya kujipodoa?"

Watu wakacheka. Nkirote aliliona shingoni mwa Njoka jasho likiteremka na kuingia kwenye ukosi wa shati, akamwonea huruma. Yeye pekee katika feri nzima alijua kwamba mtu huyu hakuwa dereva mbaya. Alikuwa mkwe mzuri.

Mwishowe gari likaingia mahali pake. Kisha pikapu ya samaki ikabanwa upande mmoja, na upande wa pili likaingia lori la kreti za soda, karibu kabisa, mpaka mlango wa Njoka ulipofunguliwa ulitoa nafasi ya kupitisha mkono tu. Mlango wa Nkirote vivyo hivyo. Yule wa koti akapita kati ya magari kwa ubavu, akikagua.

"Mzee na bibi yake mko sawa hapo?"

"Si bibi yangu," Njoka alisema. "Ni mama ya bibi yangu."

Mwanamume yule alisimama. Alikuwa Mjaluo, na kwao pia mambo hayo si mchezo. Akavua kofia. "Pole sana, mzee. Hata kwetu hiyo haiwezekani." Akalitazama lile lori. "Lakini hii haitoki mpaka Mbita." Akaondoka upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mwenyewe ndani.

*

Kwao, Meru na Embu, mama mkwe na mkwe wa kiume wana heshima yao, na Wameru huiita nthoni. Hawali wakitazamana. Hawatupiani maneno. Mama halali chini ya paa la mkwewe hata mvua ya mawe ikinyesha. Vijana wengi wa mjini wameyaacha hayo, wanawakumbatia mama wakwe zao mbele ya kamera harusini, na dunia haijaanguka. Lakini Gedion Njoka, karani katika ofisi moja mjini Embu, alilelewa na baba mkali wa mambo ya kale, na Nkirote hakuwahi kupata wa kumwonyesha mlango wa kutokea. Miaka yote ya ndoa ile, neno la mmoja lilimfikia mwenzake kwa mdomo wa Kinya. Gedion anasema asante kwa mahindi. Mama anasema msijali. Kinya alikuwa daraja, na daraja halichoki, au ndivyo walivyodhani.

Likizo nayo ilikuwa mpango wake. Mvua za mwisho wa mwaka uliopita Nkirote aliteleza zizini akikamua, akavunjika mguu, akalala kwenye matope mpaka jirani, Kailemia, aliposikia ng'ombe analia bila kunyamaza. Tangu hapo Kinya alikuwa na wimbo mmoja: Mama aje akae Majimbo. Majimbo ni mtaa wa Embu walikokuwa na nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma. Alisema Gedion ndiye anayetaka. Alisema Gedion halali usingizi kwa ajili ya mguu ule, ameshachimba msingi wa chumba cha mama, chenye mlango wake, ili heshima isivunjike. Jana jioni, kwenye ile nyumba ya wageni kisiwani, alikuwa amemwomba mama yake jibu kabla ya kufika nyumbani. Kuna mtu wa kumnunua ng'ombe, hatangoja sana.

Ndiyo maana Nkirote hakulala. Akikubali, ng'ombe atauzwa, nyumba ya Muthara itapigwa kufuli, na yeye ataketi kwenye chumba kipya mjini akingoja kuletewa chai. Akikataa, atakuwa amemtupia mkwewe wema wake usoni, mkwe ambaye hata kioo amekipinda kwa ajili yake. Unamkataaje mtu wa namna hiyo? Na unamkataa kwa mdomo wa nani?

Feri ikanguruma, sakafu ikatetemeka. Kisiwa kikaanza kusogea.

Simu ya Njoka ikalia. Alikuwa Kinya, huko juu. Aliongea kwa haraka, na sauti yake ikajaa garini. Njoka akakata simu, akautazama usukani. Kisha akakohoa.

"Kinya amesema umeze dawa ya presha. Iko kwa pochi nyeusi."

"Nimesikia," Nkirote alimjibu, akikiambia kiti kilichokuwa mbele yake. "Hiyo simu yako hata lori imesikia."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza ya ana kwa ana, kama kisogo ni uso. Yalisemwa kwa Kiswahili. Kiembu na Kimeru cha Tigania ni ndugu, lakini ndugu wa kusikilizana kwa kuulizana mara mbili, na hakuna aliyetaka kurudia neno. Njoka akachukua chupa ya maji, akaipitisha juu ya bega bila kugeuka. Nkirote akaipokea. Akameza kidonge. Mbingu haikuanguka.

Walikaa hivyo, wakisikiliza kreti za soda zikigongana. Nkirote alijaribu kunyamaza, lakini udadisi ulimwasha kama upupu.

"Hii kitu imebeba lori," alisema mwishowe. "Imebeba soda yote hiyo, na watu. Na haizami. Kwa nini?"

Njoka hakutarajia swali. "Iko wazi ndani, Mama. Chini imejaa hewa. Kama sufuria ukiiweka juu ya maji."

"Na sufuria ikitoboka?"

"Hiyo sasa ni maneno mengine."

Nkirote akacheka kidogo, kwa ndani. Alikuwa na sauti nzuri mtu huyu, ya polepole. Miaka yote hiyo Kinya alikuwa akimletea maneno yake yakiwa yamekauka, kama anayesoma tangazo. Alipata hamu ya kusikia zaidi, na kwa kuwa milango haikufunguka na wa kumpelekea maneno alikuwa juu, akapiga moyo konde.

"Njoka. Nataka kukuambia kuhusu hiyo chumba."

Kisogo kikakakamaa. "Ndiyo, Mama."

"Umefanya vizuri. Mtoto wangu wa kuzaa hangefanya hivyo. Lakini mimi nina ng'ombe yangu, nina kuku, niko na kanisa yangu. Nikikaa kwako nitakuwa mgonjwa kabla sijaugua. Usikasirike. Usimalizie kujenga."

Feri ilipinda kidogo na jua likaingia upande wake.

"Mama," alisema, akichagua maneno moja moja, "si wewe uliitisha hiyo chumba?"

"Mimi?"

"Kinya aliniambia unaogopa kulala peke yako tangu uanguke. Ati umeona haya kuniambia. Nikasema sawa, mzazi ni mzazi. Sikutaka kukataa." Akajikuna shingo. "Lakini nilikuwa naogopa. Wewe kwangu, kila siku? Ningeingia kwa nyumba yangu na dirisha."

Nkirote alilishika lile jambo, akaligeuza huku na huku kama anavyogeuza shilingi asiyoiamini. Huyu hakutaka. Yeye hakutaka. Na kila mmoja alikuwa anajiandaa kuumia kwa ajili ya mwenzake. Alitaka kucheka, na kicheko kilifika karibu kabisa, kisha kikasimama. Kwa maana alimjua binti yake. Kinya hakuwa mwongo. Tangu utotoni alipovunja kibuyu cha maziwa alikuja mwenyewe na vipande mkononi.

"Sasa alitaka nini?" aliuliza. "Kinya. Kutudanganya hivyo, sisi wawili, alikuwa anatafuta nini?"

Njoka akafungua kidogo dirisha, harufu ya samaki wa pikapu ikaingia, akalifunga.

"Nafikiri ni ile maneno ya Aprili," alisema. "Tangu Aprili si mtu wa kukaa peke yake. Mimi naenda ofisi, yeye anabaki na cherehani mchana kutwa. Nikirudi nakuta kitambaa iko pale pale." Akasita, na alipoendelea sauti yake ilikuwa na kinyongo cha siku nyingi. "Mama, wacha niseme kwa vile tumefungiwa hapa. Mimi niliumia. Nilifikiri ungekuja. Hata siku moja tu."

"Kuja kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya mtoto."

"Mtoto gani?"

Njoka akasahau. Akageuka, mzima mzima, akamtazama mama mkwe wake usoni. Aliona uso wa mwanamke ambaye hajaambiwa kitu, akaelewa, akajishika mdomo kwa kuchelewa.

"Alisema alikuambia," alisema. "Alisema ulimwambia ni mipango ya Mungu, na tusiongee juu yake tena."

"Niambie."

Akamwambia, akiwa amegeukia mbele tena, kwa maneno machache. Mimba ilikuwa imekua. Walikuwa wamenyamaza, wakitaka kuja Muthara na habari njema Krismasi ile ile ambayo Nkirote alianguka zizini, wakaona si wakati wake. Halafu Aprili. Alikuwa msichana. Hakulia. Walirudi nyumbani na mkoba wa nguo ndogo ambazo Kinya alizishona mwenyewe, na mkoba ule ungali juu ya kabati mpaka leo, hakuna aliyethubutu kuugusa. Aliyasema hayo yote kwa sauti yake ile ya polepole, kisha mabega yakaanza kutikisika.

Mwanamume anayelia mbele ya mama mkwe wake: hakuna aliyemfundisha Nkirote la kufanya hapo. Alikumbuka Aprili. Alikuwa na mguu kwenye plasta, ameketi mlangoni, akinung'unika kwamba Kinya siku hizi anapiga simu kwa dakika moja tu na kuuliza habari za ng'ombe. Alikuwa amemwambia Kailemia watoto wa mjini wamekuwa na roho ngumu. Moyo ulimuuma sana, naye akauacha umuume. Akanyoosha mkono akaushika ule mwegemeo wa kiti cha mbele, karibu kabisa na bega la mkwewe, bila kuligusa.

"Lia tu," alisema. "Hakuna mtu anaona. Kioo kimeangalia juu."

*

Walipofika gati la Mbita, kelele zikaanza upya. Lori la soda likatoka, pikapu ikafuata, na Njoka akaliendesha gari nje, uso mbele, kama Kinya alivyokuwa amesema. Kinya alikuwa akiwangoja kando ya barabara na mkoba wake mdogo. Alikuwa mwembamba. Nkirote alijiuliza kama alikuwa mwembamba hivyo likizo nzima na yeye akawa anatazama feri na ndege wa majini.

Kinya akafungua mlango wa mbele. "Poleni. Mama, ulimeza dawa? Gedion anasema tukifika mbele—"

"Gedion hajasema kitu," mama yake alimkatiza. "Njoo ukae huku nyuma."

"Na yeye akae mbele peke yake kama dereva wa teksi?"

"Akae."

Kinya alimtazama mumewe. Macho ya Njoka yalikuwa mekundu, na hakuyaficha. Alifunga mlango wa mbele polepole, akaja nyuma, akaketi pembeni kabisa, magoti pamoja, kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyewasha gari.

"Nimesikia niliomba chumba," Nkirote alisema, sasa kwa Kimeru. "Nikasikia pia nilisema mtoto wako ni mipango ya Mungu, na mnyamaze."

Kinya akainama.

"Sikugombezi. Miaka hii yote umekuwa ukibeba maneno yetu. Wewe una lako? Hilo ndilo nataka. Si la Gedion, si langu."

Nje mtu alikuwa akinadi mkate. Kinya aliufungua mkoba, akaufunga, akaufungua.

"Nataka tu uwe karibu," alisema mwishowe. "Nisingeweza kukuambia, Mama, mguu wako ulikuwa umevunjika, ungekuja na magongo. Halafu siku zikapita nikaona aibu kusema nikiwa nimechelewa. Nataka nikiwa kwa cherehani nikusikie ukikohoa huko nje. Basi. Hiyo nyumba ina kimya, Mama. Ina kimya mpaka naogopa kuzima mashine."

Nkirote alimvuta. Kinya alikuja kidogokidogo, kisha mwili mzima kwa mara moja, kichwa kikaanguka begani mwa mama yake, akalia kwa sauti ambayo Njoka hakuwa ameisikia hata Aprili. Nkirote alimshika. Alilia naye.

Walipotulia, alipangusa uso kwa ncha ya leso, akakigeukia kisogo cha mkwewe.

"Njoka."

"Ndiyo, Mama."

"Hapa Mbita wanauza wimbi ya uji?"

"Wimbi? Soko iko pale mbele. Lakini si hata Embu iko?"

"Sijauliza ya Embu. Mwanamke akizaa, mama yake anamletea uji. Hakuna mtu aliniambia nilete. Sasa nimeambiwa, na hapa ndipo nimeambiwa." Alikuwa akisema kwa utulivu, mkono wake ukiwa kichwani mwa binti yake. "Na hiyo kioo uirudishe. Kutoka Embu mpaka huku umetuendesha bila macho. Ni Mungu tu."

Njoka akauinua mkono, akakishusha kioo. Ndani yake alimwona mkewe na mama mkwe wake, bega kwa bega, wote wawili pua nyekundu. Hakuyaondoa macho upesi. Akawasha gari.

Sokoni Nkirote alikataa kusaidiwa kushuka. Alikwenda na mkongojo wake mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa na magunia wazi, akachota wimbi, yaani ulezi, kwa kiganja, akainusa, akaiuma kwa jino la mbele. Akauliza imetoka wapi. Akauliza ilivunwa lini, ilianikwa juu ya nini, na kama mvua iliipata. Muuzaji akawa anajibu, mwanzo kwa subira, kisha kwa mshangao.

"Hutaki chumba, hutaki kuuza ng'ombe," Kinya alisema nyuma yake, sauti bado nzito. "Sasa uji nitaunywa wapi?"

"Muthara. Utakuja na cherehani yako, utaiweka pale mlangoni, nitakohoa mpaka uniambie ninyamaze. Na huo mkoba wa nguo uulete. Nataka kuziona."

Kinya aliuma mdomo, akaitikia kwa kichwa. "Na Gedion?"

"Gedion atakuja Jumamosi. Atalala kwa Kailemia." Nkirote akamgeukia mkwewe, akamtazama machoni, na aibu ikampanda mpaka masikioni, lakini hakuyaangusha macho. "Lakini uji ataunywa kwangu. Nikiwa nimekaa hapo."

Njoka naye akamtazama. "Nitakunywa, Mama."

"Nikupimie kiasi gani?" muuzaji aliuliza, ameshika kopo la kupimia.

Nkirote akaonyesha gunia.

"Zima?" Kinya aliuliza. "Mama, hiyo itaisha lini?"

"Ndiyo maana," mama yake alisema, akamwashiria Njoka alibebe.